Diski ya Vainqueur

Kitako cha bunduki kilimpata Pétronille mdomoni kabla hajamaliza kujibu, akaanguka kwenye kiti kilekile alichokuwa ameinukia. Jino moja likabaki juu ya ulimi. Alilitema kiganjani, akaliangalia, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake, maana mtu akipigwa hufanya mambo ya ajabu.

"Minye nilikuuliza vizuri," afande alisema. "Ile video iko wapi?"

Alikuwa mwanamume mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya upole kama ya katekista. Pétronille alimjua tangu alipoingia mlangoni. Alikuwa amemtazama mara nyingi mno katika video hiyohiyo: amesimama mbele ya kibanda cha mtaani Nyamianda ambapo Vainqueur, mdogo wake Pétronille, alikuwa akichapa barua za watu na kutengeneza kompyuta. Vainqueur anaomba kwa adabu aonyeshwe ordre de mission, karatasi ya amri, kabla betri zake za sola hazijabebwa. Afande anampiga risasi ya tumbo, na akiona bado anatambaa, anampiga ya kichwa. Hakunji uso. Pétronille alimchukia mtu huyu.

Video aliipiga Josée, jirani, kupitia tundu la ukuta wa bafu lake. Jioni ileile aliihamishia kwenye kompyuta ya marehemu na kuifuta kwenye simu, kwa sababu simu zilikuwa zikipekuliwa barabarani. Mtandao ulikuwa umekatwa, mpaka wa Kavimvira umefungwa. Nakala nyingine haikuwepo duniani. Pembeni mwa picha lilionekana pazia la bafu la Josée, na sauti yake ilisikika wazi ikilia, "Yesu, bamemuua." Atakayeiona hana haja ya kuuliza nani alishika simu.

"Muntu moja alisema iko mu ordinateur," afande alisema. "Ni hii?"

Kompyuta ilikuwa mezani, imefunguliwa. Tangu asubuhi Pétronille alikuwa akijaribu kumaliza somo ambalo mdogo wake alimwachia katikati: kuweka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Hakuwa akiiweka kwenye kompyuta yenyewe. Vainqueur hakuwa mjinga wa kumkabidhi mwanafunzi mpya kompyuta nzima. Alimtengenezea mashine ya kubuni, kompyuta ya uongo inayoishi ndani ya dirisha la kompyuta ya kweli, na diski yake ya uongo, aharibu humo apendavyo.

"Yaya, hii ni kama chumba ya udongo mu nyumba ya bloc," alimwambia dada yake. "Chumba ikianguka, nyumba inabakia."

Hata hivyo, siku ya kwanza kioo kilipoandika Effacer le disque et installer, yaani futa diski na uweke, Pétronille alipiga yowe akaifunga kompyuta kwa kishindo. Alidhani kazi zote za wateja zimekwenda na maji. Vainqueur alicheka hadi akakaa chini sakafuni.

Sasa dirisha lile lilikuwa limetandazwa kioo kizima, na maneno yaleyale yalikuwa yakingoja.

"Tuivunje?" aliuliza askari aliyesimama mlangoni. Alikuwa ameshaokota mchi.

"Hapana. Balivunja ya mwalimu moja, fundi akatoa mémoire, picha zote zikarudia. Nataka ifutwe hapa, nione na macho yangu."

Kambini hakutaka kuipeleka. Wakubwa wake walikuwa wametangaza kwamba hakuna raia aliyeguswa, na mkubwa hapendi kufanywa mwongo na mdogo wake.

"Nilikuwa ninaifuta," Pétronille alisema, damu ikimtiririka kidevuni. "Nilikuwa na woga. Soma mwenyewe, afande."

Afande aliinama, akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi. "Ef-fa-cer le dis-que. Yote?"

"Yote. Hakuna fundi atatoa kitu."

"Finya."

Akafinya kitufe.

Kompyuta ilikuwa kuukuu na kazi ilikwenda kama kobe. Afande alivuta kigoda karibu na jiko la makaa, akafunua sufuria ya maharagwe, akaanza kula kwa upawa wa mwenye nyumba. Askari alichana godoro kwa singe, akapasua vyombo, akamwaga nguo. Kila mstari wa kuonyesha kazi uliposimama, alimpiga Pétronille ngumi ya sikio, kana kwamba ni yeye anayeusukuma. Sikio la kushoto likaacha kusikia.

Mara afande akapitisha kidole chenye mafuta juu ya kibao cha kipanya. Mshale ukashuka hadi chini ya kioo, na pale kikachomoza kipande kidogo chenye vitufe, kile kinachoonyesha kwamba hili ni dirisha tu.

"Hii ni nini?"

"Inaonyesha bado haijamaliza," Pétronille alijibu. Kipande kikajificha chenyewe, na afande akarudi kwenye maharagwe.

Mwishowe kioo kikafunguka, kitupu na safi. Afande alifungua faili moja baada ya lingine, akafika kwenye lile la video. Hamna kitu. Akacheka kidogo, akamgonga Pétronille begani kama mtu anayempongeza mwanafunzi. Na Pétronille, mdomo umevimba, alifurahi furaha mbaya ya kisasi. Utasimama mbele ya majaji, mpumbavu wewe, alisema moyoni, na meno yako yenye maharagwe yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia hapo.

"Imekuwa mupya kabisa," afande alisema, akiifunga na kuitia kwapani. "Mutoto yangu iko anaanza université. Nitamupelekea."

Pétronille alielewa yote kwa mara moja. Ikizimwa na kuwashwa tena, chumba cha udongo kitatoweka na nyumba ya matofali itafunguka, na video iko mbele kabisa, imeandikwa jina la Vainqueur. Watakuwa kwa Josée kabla jua halijazama. Alimwomba mdogo wake msamaha kwa sauti ya chini, kisha akamrukia afande.

Aliichomoa kompyuta kwapani, akapiga sufuria teke, akaitupa juu ya makaa na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili. Kitako cha bunduki kilishuka mgongoni. Kikashuka tena, mkono wa kulia ukalia kama kuni kavu. Akabaki na wa kushoto. Plastiki ilianza kuyeyuka, ikamgandama kiganjani pamoja na ngozi. Kisha betri ikapasuka kwa mfoko, ulimi wa moto ukaruka, na mkono wa shati la afande ukashika moto.

"Vainqueur ulimukula!" Pétronille alipiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Machine yake hautaikula!"

Afande aliupigapiga mkono wake hadi moto ukazimika. Akamkanyaga mbavu mpaka alipochoka yeye mwenyewe. Askari alikoki bunduki.

"Acha," afande alisema akihema. "Ni wivu tu. Ile kitu imekwisha."

Walipotokomea, Josée aliingia na vipande vya shuka, akaanza kumfunga mkono. Macho yake yakaangukia jikoni.

"Voisine. Na video?"

"Imeungua."

"Ni beye balichoma?"

"Ni minye."

Josée aliuachia mkono. "Risasi zilikuwa zinapita, na minye nilikuwa kwa ile tundu juu ya ndugu yako. Na weye unaichoma juu ya wivu ya machine? Minye nilisikia vile ulilalamika." Alikuwa akilia. "Na nilikuwa nimeambia Georgette mu maombi kama tuko na preuve, ushahidi, tumushukuru Mungu."

Kumbe. Pétronille alimtazama, na hasira ikamjia kali kuliko maumivu ya mbavu. Ndugu yake sasa hana shahidi, kwa ajili ya mdomo huu. Angemweleza ukweli, kwamba video haikufutwa na aliichoma ili aliyeshika simu asijulikane, ungefika kwa Georgette kabla ya chakula cha jioni, na kwa afande kesho yake. Akameza damu.

"Uende uambie Georgette," alisema. "Uambie bantu bote. Sema Pétronille aliichoma na mukono yake mwenyewe, hakuna kitu imebakia."

"Bote batakulaani."

"Uende, Josée."

Josée akafuta macho kwa kanga, akaenda kuwaambia.