Mkaguzi Aliyebaki Ainabkoi

Jumatatu saa mbili asubuhi, wafanyakazi wa kampuni ya Nyanda Ukaguzi walikuwa wameizunguka meza ndefu ya ofisi yao, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri mjini Eldoret, wakinywa chai. Mkutano wa Jumatatu ulikuwa na sehemu mbili ambazo hazikuwahi kubadilishwa: habari za wafanyakazi kwanza, kisha mambo ya ubora. Katika habari za wafanyakazi ilitangazwa kwamba mke wa dereva amejifungua msichana, kwamba choo cha wanaume kitafungwa hadi Jumatano, na kwamba Gikonyo, mkaguzi wa boila, ametimiza miaka kumi na miwili kazini bila lalamiko hata moja. Watu walipiga makofi. Gikonyo alikuwa anatafuna mandazi, akainua kikombe kuwashukuru.

Kisha Sumeya, afisa wa ubora, akafungua faili lake.

"Kuna lalamiko," alisema. "Limetoka kiwanda cha maziwa kule Ainabkoi."

Aliisoma barua kwa sauti ileile aliyotumia kusoma habari za choo. Kiwanda kilishukuru kwa cheti cha boila kilichotolewa tarehe nne. Kiliomba tu kujulishwa mkaguzi ataondoka lini, maana hii ilikuwa wiki ya tatu amesimama kwenye chumba cha boila, pale pale ambapo wafanyakazi hupitisha kuni. Jina kwenye kitambulisho chake lilikuwa Gikonyo.

Wote waligeuka kumtazama.

"Wewe uko hapa?" Sumeya aliuliza.

"Niko."

Sumeya aliliandika jibu hilo, na pembeni akaandika saa lilipotolewa.

Gikonyo alirudisha mandazi kwenye sahani. Tarehe nne hakwenda Ainabkoi. Siku hiyo mafundi walikuwa wanamwaga zege ya nyumba yake mpya huko Yamumbi, naye alisimama hapo tangu asubuhi akihesabu toroli za mchanga ili wasimwibie kwenye simiti. Cheti na stika alimpa dereva wa kiwanda aliyekuwa amekuja mjini. Ripoti aliiandika nyumbani, miguu ikiwa kwenye karai la maji moto, akinakili namba za mwaka uliotangulia. Aliandika kwamba aliingia chumba cha boila saa tatu, kwamba alipima presha, kwamba valvu ya usalama, ile inayotoa mvuke presha ikizidi, aliijaribu kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba hali ni ya kuridhisha. Haikuwa mara yake ya kwanza kuandika hivyo.

Kesho yake Sumeya alimwendesha hadi Ainabkoi. Kulikuwa na ukungu, na wanawake walikuwa wanapakia viazi kando ya barabara. Kiwandani Sumeya alikaza helmeti juu ya hijabu yake, wakapelekwa nyuma, kwenye chumba cha mabati kilichonuka moshi wa mkaratusi.

Mtu yule alikuwa amesimama kati ya boila na rundo la kuni. Alikuwa Gikonyo, hadi kovu la kidevuni. Fulana yake ya reflekta ilikuwa safi kama iliyotoka dukani jana, na viatu vyake havikuwa na tope, ingawa mvua ilikuwa imenyesha Ainabkoi mwezi mzima. Mkononi alishika tochi iliyowaka, imeelekezwa sakafuni. Sumeya alilinganisha namba za vitambulisho vyao viwili, akaona ni moja, akaandika.

Mwendesha boila alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwenye gambuti na aproni ya ngozi. Aliitwa Mideva. Aliwakaribisha kwa namna ya mtu ambaye amezoea wageni wa aina hiyo.

"Hasumbui," alisema. "Chai nikimpa hanywi, lakini nampa tu, si vizuri kunywa peke yako mtu akikuangalia. Shida ni kuni. Inabidi nimzunguke."

"Anaongea?" Sumeya aliuliza.

"Anaongea kitu kimoja. Muulize."

Sumeya akamuuliza yule mtu hali ya boila.

"Hali ni ya kuridhisha," mtu yule akasema, kwa sauti ya Gikonyo, ile aliyoitumia kwa wateja.

Mideva akaitikia kwa kichwa kama anayesikia habari njema kwa mara nyingine. "Unaona? Mimi hii mashine ilikuwa inanitoa jasho, Madam. Ikianza kutetemeka jioni, nilikuwa natoka nje nasimama pale kwa mti mpaka itulie. Sasa tangu Injinia akuje, sitoki. Nakaa tu hapa, mgongo kwa boila, napata joto. Nasema, kama ingekuwa mbaya, yeye mwenye amesoma angesimama hapo?"

Gikonyo aliinua macho. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuvua kofia. Valvu ya usalama ilikuwa imeshikana kwa kutu, na mtu fulani, zamani, alikuwa ameifunga kwa waya ili isivuje. Huenda mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo; hakuweza kujua, kwa kuwa mwaka jana pia hakuja. Kigoda cha Mideva kilikuwa hatua mbili kutoka pale, kimewekewa gunia lililokunjwa ili kiwe laini.

"Mama," alisema, "ukae mbali kidogo."

"Kwa nini? Si ulipima?"

Sumeya alikuwa amesimama hapo, na msimamizi wa kiwanda mlangoni. Gikonyo alisema ni kwa sababu ya joto, si zuri kwa mgongo. Mideva akamshukuru.

Walipofika karibu na mjini, Gikonyo alimwambia Sumeya kila kitu, akiangalia dirishani. Sumeya alisikiliza mpaka mwisho.

"Andika yote hayo," alisema. "Leo."

Akaandika. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Ilisema kwamba hakufika kiwandani tarehe nne wala mwaka uliotangulia, kwamba valvu haifanyi kazi, kwamba cheti kifutwe na boila izimwe mara moja. Sumeya aliambatanisha fomu yake, wakaingia pamoja kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi, Kabiru, alikuwa mtu mpole aliyeanzisha kampuni kwa mkono wake. Alisoma kurasa zote mbili, akavua miwani.

"Unasema hukuwa huko."

"Sikuwa, Mzee."

"Na yuko huko mpaka leo. Watu thelathini wanamwona kila siku. Madam hapa amekagua kitambulisho chake. Sasa mimi nikienda kwa mteja nimwambie hukuja, ataniambia nini?"

Gikonyo alitazama kurasa zile mbili mezani.

"Kaa," Kabiru akasema. "Wangu yuko Kiplombe, kwa kiwanda cha mbao, kwenye winchi. Mwaka wa tisa huu. Kila Krismasi nampelekea soksi. Amenenepa kama mimi." Alipangusa miwani kwa tai. "Unafikiri ni wewe tu? Kila mtu hapa ana wake mahali. Tukianza kuwatoa mmoja mmoja, hakuna cheti kitabaki kwa ukuta mji huu. Watu wangapi watakosa kazi?"

"Na yule mama?" Sumeya aliuliza.

"Yule mama ana mkaguzi usiku na mchana. Ni nani mwingine ana hiyo?"

Aliiweka barua kwenye trei, akasema ataishughulikia. Sumeya alitoka kwanza. Alipopita dirishani alisimama kidogo akiangalia upande wa barabara ya Kiplombe, na Gikonyo akaelewa kwamba Sumeya naye ana wake, na anajua aliko.

Jumamosi Gikonyo alikwenda Ainabkoi peke yake kumweleza Mideva. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Ijumaa. Langoni bawabu aliangalia kitambulisho chake, akafungua daftari la wageni, akapitisha kidole kwenye kurasa.

"Injinia, hapa inaonyesha uko ndani," alisema. "Hujatoka. Siwezi kukuingiza mara mbili."

"Niitie Mama Mideva basi."

"Ako na moto, hawezi kuuacha. Rudi Jumatatu, uongee na msimamizi."

Gikonyo angeweza kumng'ang'ania. Angeweza kusimama hapo mpaka zamu iishe saa kumi na moja, mama atoke na kikapu chake. Badala yake alisema asante, akageuka. Alipofika barabarani aligundua kwamba ameshusha pumzi, na kwamba pumzi ile ilikuwa ya mtu aliyepewa ruhusa ya kutofanya jambo. Mambo mengine yote ya mwezi ule angeweza kumsimulia mke wake. Pumzi ile hakumsimulia kamwe.

Jumanne iliyofuata, saa tisa mchana, presha ilipanda na valvu haikufunguka. Bomba la mvuke likapasuka juu ya kigoda. Mideva aliungua mikono yote miwili, shingo na sehemu ya mgongo. Wenzake walimtoa nje, wakammwagia maji ya kuoshea makopo ya maziwa. Mtu mwenye reflekta alibaki ndani ya mvuke. Ulipokwisha alikuwa palepale, mkavu, tochi yake inawaka.

Ripoti ya ajali ilisomwa Jumatatu, katika mambo ya ubora. Ilikuwa imeandikwa na kiwanda na kupitishwa na Kabiru. Ilisema kwamba wakati wa tukio mkaguzi aliyehitimu alikuwa kwenye chumba cha boila, jambo ambalo viwanda vichache vinaweza kujivunia. Alipohojiwa kuhusu mashine alieleza kwamba hali ni ya kuridhisha. Kwa hiyo chanzo kilikuwa mwendesha boila, aliyejaza kuni kupita kiasi. Bomba lilikuwa limechomelewa. Cheti kiliendelea kutumika hadi mwezi wa pili mwakani.

Sumeya aliisoma bila kusimama popote. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa, kila mtu atie sahihi kwamba amesikia. Ilipomfikia, Gikonyo alisema kwamba aliandika barua. Kabiru alisema barua ipo, imewekwa kwenye faili la maoni ya wafanyakazi. Wote walisubiri. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi. Gikonyo akatia sahihi.

Alhamisi alinunua mkate na ndizi, akaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Mideva alikuwa kitanda cha mwisho, amelala ubavu ili mgongo usiguse godoro. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi mabegani. Alimtazama Gikonyo kwa muda mrefu, kuanzia viatuni, vilivyokuwa na tope.

"Wewe ni yupi?" aliuliza.

"Mimi ni yule ambaye hakuja."

Mideva alilifikiria jambo hilo. "Mwenzako hakukimbia," alisema. "Nilimwona kwa ule mvuke. Nikasema basi si mbaya sana, kama yeye hakimbii." Akageuza kichwa kwenye mto. "Msimamizi alikuja hapa. Anasema nilijaza kuni nyingi. Miaka kumi na saba, sijawahi kujaza kuni nyingi. Ni kweli nilijaza?"

"Hapana, Mama. Si kweli."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasema?"

"Wakasema nilikuwepo."

Muuguzi alipita na toroli la dawa. Mideva alisubiri apite.

"Ulikuwepo," alisema. "Nilikupea chai."

Hakulisema kwa hasira. Gikonyo alitafuta pa kuweka macho, asipate. Baadaye, kwa kuwa mama hakuweza kutumia mikono, alimmenyea ndizi, akamlisha vipande vidogo vidogo, naye akala, akiangalia ukuta. Boila ya Ainabkoi ilikuwa imewashwa tena tangu asubuhi.