Kasoro za Ruqaiya

Hebu niambie, umewahi kuambiwa ulifoka, nawe kila ukikumbuka unaona uliongea taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto? Hayo ndiyo yaliyomfika Bibi Ramula wa Bugembe, siku nne baada ya wageni wa Mbale kuja kumposa mjukuu wake, Ruqaiya.

Alikuwa kibarazani anasuka kawa, ule mfuniko wa sinia, ukindu wa zambarau ukifuatwa na wa njano, ndipo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Haji Muzafaru, baba mdogo wa Jamiru, kijana aliyeposa. Umeandikwa kwa Kiingereza. Bibi Ramula alisoma hadi darasa la sita, kwa hiyo mengi aliyapata: asante kwa pilau, asante kwa mapokezi, ila tarehe ya harusi isubiri kwanza, maana wazee wa Namakwekwe, mtaa wao kule Mbale, bado wanaitafakari ile "tirade" ya Bibi.

"Ile nini?" akauliza. Pale palikuwa na kuku tu.

Akavaa miwani, akasoma tena. Harusi isubiri kwa ajili ya kitu alichokitoa yeye, na kitu chenyewe hakijui! Siku ile alitoa nini? Alitoa pilau, akatoa sambusa za dengu, akatoa juisi ya ukwaju ndani ya jagi la maua. Kisha akatoa kasoro.

Kasoro ni desturi ya nyumba yao, iliyokuja na mababu waliokuwa askari kutoka Sudani. Wageni wakija kuposa, bibi wa msichana husimama mbele ya sinia lililo wazi, akazihesabu kasoro za mjukuu wake moja moja, asije mtu kesho akalalamika kuwa aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Wageni hucheka. Akimaliza hulifunika sinia kwa kawa mpya na kusema: "Hizi ni zetu, tumezifunika. Mchukueni." Vigelegele vikapigwa, watu wakala. Ila siku ile, bibi akiwa bado anahesabu, mvua ilishuka ghafla, watu wakakimbilia ndani na mabakuli yao. Sinia likabaki halijafunikwa. Ni mvua tu, yeye alijua hivyo.

Akajifunga leso, akaenda kwa jirani yake Sheryl, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa anaanika sare.

"Mwalimu, tirade ni kitu gani?"

"Jaja, nani kakutukana?" Sheryl akauliza, akimwita bibi kwa lugha ya huko.

"Kumbe ni tusi?"

"Si tusi. Ni maneno marefu ya hasira. Mtu anayamwaga tu, hapumziki."

"Mimi nilipumzika. Mara mbili. Nikanywa na maji."

Sheryl akacheka mpaka kibanio kikamponyoka. "Basi labda haikuwa hiyo, Jaja."

Lakini Joash, dereva Mkenya wa lori aliyezoea kunywa chai hapo nje kabla ya kuendelea na safari, alikuwa amesikia. "Mwalimu, usimdanganye mama. Ukinigombeza kidogo kwa kosa moja, hiyo ni kukaripia. Mke wangu akianza na kosa la leo, akarudi kwa la Krismasi, akafika kwa la mwaka tuliooana, mimi nikiwa bado nimeshika kofia, hiyo ndiyo tirade. Haina kituo."

"Na kama yote anayosema ni kweli?"

"Ukweli unaweza kuwemo," Joash akasema, akashusha macho kwenye kikombe. "Kwetu huwa umo mwingi sana."

Bibi Ramula akachanganyikiwa zaidi. Yaani mtu anaweza kusema kweli, asitukane, anywe na maji, na bado ikawa tirade? Hasira ilikuwa wapi? Alijipekua kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni, asiione.

Kesho yake Joash alikuwa anapeleka chumvi Mbale. Bibi akapanda lori lake, amepakata kawa mpya ndani ya kitambaa, na njia nzima akawa anahesabu kwa vidole: anaamka jua limepanda, anaacha kijiko kilicholowa ndani ya sukari, chapati zake zina pembe. Kuna ubaya gani hapo?

Ruqaiya alimpokea Namakwekwe, kwenye chumba alichopanga, alimoshonea watu nguo kwa cherehani yake. Macho yalikuwa yamevimba. Alimshika mkono, wakavuka barabara hadi kwa Haji Muzafaru. Jamiru alikuwepo, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni nyumbani kwao.

Haji alikuwa mzee mpole, karani mstaafu. Akaleta chai mwenyewe.

"Haji," Bibi akaanza, "mimi nilitoa kasoro. Ni heshima. Wewe ukaandika neno la hasira."

"Bibi, Ruqaiya alitueleza desturi kabla hatujaja. Tulikuja tayari kucheka, na tulicheka. Lakini nikajiuliza, yule mama anatukataa au anatupokea? Nikakosa maneno ya Kiswahili, nikaandika kwa Kiingereza. Kama nimekukosea, nisamehe. Sikiliza mwenyewe."

Akatoa simu. Kumbe kuna mtu alirekodi.

Sauti yake ikatoka, changamfu. Kijiko cha sukari: kicheko. Chapati: kicheko kikubwa, hata Jamiru alisikika anakohoa kwa kucheka. Viatu vyake hulala mlangoni, kila kimoja kimeangalia kwake. Kicheko. Zikafika saba. Bibi Ramula akatabasamu, akatikisa kichwa: si mnaona?

Ya nane: "Hapigi simu Ijumaa." Watu wachache wakacheka. Ya tisa: "Alisema anakwenda Mbale miezi mitatu, leo ni mwaka wa nne." Kicheko hakuna. "Niliumwa mguu, nikaambiwa hawezi kuja, cherehani haina mwenyewe. Nikamshonea gauni la Idi, likafuatwa baada ya Idi. Kitanda chake nakitandika kila Jumamosi, kwa ajili ya nani?" Sauti ilikuwa inapanda, inapanda, vijiko vimetulia kwenye mabakuli, na mahali fulani mtu akanong'ona, "Amepatwa na nini huyu mama?" Kasoro ya ishirini na tatu ilikuwa inaanza mvua ilipopiga mabati.

Haji akazima simu. Chai ilikuwa imeshika utando.

Bibi Ramula aliitazama ile simu, kama iliyotoa sauti ya mtu mwingine. "Kwa dada yake nilihesabu saba," akasema polepole.

"Saba," Ruqaiya akaitikia. "Nilikuwepo."

Mke wa Haji akaingia na sinia la wali, akaliweka mkekani. Lilikuwa wazi, mvuke unapanda. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bibi Ramula akafungua kitambaa chake, akatoa ile kawa ya zambarau na njano. Akaishika muda mrefu, akanyoosha ukindu mmoja uliochomoza. Kisha akainama, akalifunika sinia.

"Hizi ni zetu, tumezifunika," akasema. Jamiru akamsogezea maji. Akanywa. "Mchukueni."

Mke wa Haji akapiga kigelegele kimoja, kirefu, na Haji akasema basi, Alhamdulillahi, tarehe itapangwa leo leo, tena hilo neno lake la Kiingereza analirudisha.

"Liache, Haji," Bibi akasema. "Lilikuwa na mwenyewe."

Ruqaiya akajisogeza mpaka bega likagusa bega, akamwinamia sikioni. "Bibi, sasa zile nyingine zote ulizihesabu za nini?"

Bibi Ramula akamshika kidevu, kama alivyomshika alipokuwa hajaota meno.

"Nilitaka wakukatae, mjukuu wangu. Nilitaka urudi nyumbani."