Mteremko Mmoja, Mivinyo Miwili

Mume wangu Volkmar alianza kumshuku dada yake, Reinhild, siku ya kuonja mvinyo mpya kijijini kwetu, kando ya mto Mosel. Reinhild alimimina wake. Watu wakaonja, wakaomba tena. Ulikuwa mzito, laini, una harufu ya pichi zilizoiva. Wetu ukafuata. Mwenye mkahawa akaunywa, akakunja uso kama aliyeng'ata tufaha bichi.

"Huu unasafisha meno," akasema, na watu wakacheka.

Volkmar hakucheka. Zabibu ni aina moja, Riesling. Mteremko ni mmoja, wa marehemu baba yao, uliogawanywa na njia ya trekta: sisi juu, karibu na msitu, Reinhild chini, pale mto unapokata kona. Wote wawili walifundishwa kukamua na baba huyo huyo. Basi ule uzito ulitoka wapi?

"Ananunua zabibu za tambarare," aliniambia tukirudi nyumbani. "Anachanganya."

"Umeona?"

"Nitaona."

Tangu hapo nyumba yetu ikawa kituo cha upelelezi. Dirisha la jiko langu linatazama ua wa wifi, na viazi vikawa vinaungua. Mwezi Machi nikaona lori likirudi nyuma hadi mlango wa ghala lake. Wifi akatoka mbio, akaangaza huku na huku, akafunika mzigo kwa turubai. Nilimwita Volkmar. Alitoka na viatu bila soksi, nami nyuma yake.

"Fungua," alimwambia dada yake.

"Habari za asubuhi na wewe, kaka."

"Fungua turubai, Reinhild!"

"Wifi, huyu amekunywa kahawa kweli leo?"

Nilitazama pembeni. Volkmar akalivuta mwenyewe. Yalikuwa mawe: yale bapa ya kijivu, yanayobanduka tabaka tabaka, tunayoyakanyaga kila siku kule juu kwetu.

Reinhild akawa mwekundu hadi masikioni. "Nataka kuyamwaga kati ya mizabibu yangu. Kwangu ni udongo mtupu. Mvinyo unapendeza mapema, ukikaa miaka michache unapoteza ladha kabisa. Wako unadumu, Volkmar. Ule wa mwaka aliofariki mama bado unawaka mdomoni. Ningekwambia, ungenicheka."

Volkmar aliyatazama yale mawe. "Ujanja huo," akasema. "Umeyaweka hapa ili nisitazame ghalani unamochanganyia zabibu za kununua."

Hapo wifi akapandwa na hasira. "Basi vuna kwangu wewe mwenyewe! Kamulia kwako, kwa mikono yako. Mimi nitavuna kwako. Tuone mdanganyifu nani."

Msimu wa mavuno ulipofika, walifanya hivyo. Volkmar hakuruhusu mtu kugusa kishada hata kimoja cha shamba la chini. Ghala letu alilitia kufuli jipya. Hata mimi nikishuka kuchukua viazi, aliuliza vingapi, na vya nini.

Majira ya kuchipua tukakaa jikoni kwetu, watatu. Volkmar alimimina mvinyo alioukamua mwenyewe. Pichi. Akanywa ule wa Reinhild, uliotoka kwenye mizabibu yetu: mkali, wa baridi, unanukia kama jiwe lililonyeshewa mvua. Akarudia.

"Ni ardhi," akasema kwa sauti ya chini. "Nisamehe, dada."

"Kule juu upepo wa msituni unazichelewesha zabibu kuiva," Reinhild alisema, bila kumsimanga. "Na mizizi inahangaika kwenye mawe. Kwangu zinakula na kulala tu." Aliizungusha glasi yake, akainusa. "Tubadilishane mashamba moja kwa moja. Chukua langu, nipe lako."

Ndilo shamba Volkmar alilokuwa akilionea wivu tangu siku ile ya kuonja. Nilimgusa mguu chini ya meza. Lakini yeye aliweka glasi chini, macho yakawa membamba.

"Kwa nini unalitaka langu hivyo?"

"Si nimeshakwambia?"

"Hapana. Haliondoki."

Wifi alipokwenda zake, Volkmar alisimama dirishani. "Kuna kitu anakijua kuhusu shamba letu la juu."

"Amekwambia anachokijua, mume wangu."

Hakunisikia. Asubuhi iliyofuata alipanda juu na nyundo, akakagua vigingi vya mpaka kimoja kimoja, akigonga kila kilicholegea.