Mpaka Siku ya Kutenga Kondoo

Kondoo yule alikuwa na pembe mbili, na kila pembe ilikuwa na mwanamume wake. Torfi alivuta kulia, Ketill akavuta kushoto, na kondoo, aliyepitisha kiangazi kizima huko milimani bila kuona sura ya binadamu, akawaburuta wote wawili matopeni mbele ya macho ya bonde zima. Watu waliangua kicheko. Juu ya ukuta wa zizi kuu, Shangazi Dagný alimpiga jirani yake kiwiko, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, "Waone wapenzi wetu! Hata kondoo mmoja hawawezi kugawana."

Torfi alicheka pia, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Leo ilikuwa siku ya kutenga kondoo, wanaposhushwa kutoka milimani na kila mfugaji kuchukua wake, na leo ndipo yeye na Ketill walipopanga kuachana.

Ukweli ni kwamba hawakuwahi kuwa pamoja. Baba yake Torfi alipofariki na kumwachia shamba na kondoo mia tatu, akina mama wa bonde walikata shauri kwamba mwanamume wa miaka thelathini na minne hawezi kuishi na mbwa peke yake. Hakuna aliyejali kwamba Torfi hupenda wanaume. Lililowakera ni kwamba hakuwa na yeyote wa kumpenda. Wakaanza kumletea wachumba. Kwanza mwoka mikate kutoka mji wa bandari, kisha mwalimu mgane mwenye maneno mengi, kisha Mdenmark mmoja ambaye sufu humwasha mwili mzima. Kwenye karamu ya katikati ya majira ya baridi walimketisha baina ya wawili kwa mpigo, kila mmoja akimpakulia nyama. Maji yalimfika shingoni. Kesho yake asubuhi alisimama katikati ya barabara na kumzuia Ketill, dereva wa gari la kusukuma theluji, mtu wa kusini aliyehamia bondeni mwaka juzi na ambaye naye kamati ile ile ya akina mama ilikuwa haimpi pumzi.

"Tuseme tuko pamoja," Torfi alimwambia dirishani. "Mpaka siku ya kutenga kondoo. Halafu tutaachana kwa amani, nao watatuonea huruma mwaka mzima."

Ketill alifikiri huku injini ikinguruma. "Huruma yenye keki?"

"Yenye keki."

"Haya, nimekubali."

Masharti yalikuwa machache. Mapenzi yao yangekuwa ya mbele za watu tu: dukani, kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Wakiondoka hapo, kila mtu na hamsini zake. Bonde liliumeza uongo huo mzima mzima. Na sasa Ketill alikuwa amepata kazi kwenye barabara za mashariki, angeondoka Jumatatu. Mambo yalijipanga yenyewe, kasoro moyo wa Torfi. Tangu aliposikia habari za kazi ile, chakula kilikuwa hakimpiti, na alijiambia ni uchovu wa kuvuna nyasi.

Mchana, kondoo walipokwisha kuingizwa kila mmoja kwenye zizi la mwenyewe, watu walikusanyika ghalani kwa Bárður, jirani yake Torfi mwenye ndevu nyekundu, karibu na zizi kuu, kunywa supu ya nyama. Torfi alisimama, bakuli mkononi.

"Jamani. Mimi na Ketill tumeachana."

"Lini?" aliuliza Dagný.

"Leo."

"Leo saa ngapi? Sasa hivi tu mlikuwa matopeni mmekumbatiana."

"Tulikuwa tumemshika kondoo, shangazi."

"Kakukosea nini?" Bárður alidakia. "Sema tuwapatanishe. Mimi na mke wangu huachana kila mwaka siku kama ya leo. Supu ikiisha, tumesharudiana."

"Mwaka huu usiwe na hakika," mkewe akamjibu, na ghala likacheka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Torfi ilikuwa imefika mwisho pale penye sufuria. Alimtazama Ketill aliyekaa karibu na mlango. Ketill alikuwa anatazama supu yake.

"Hatukuwahi kuwa pamoja," Torfi alisema. "Tuliwadanganya. Wazo lilikuwa langu, msimlaumu yeye. Nilichoka kuletewa watu."

Vijiko vilisimama. Dagný, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alifuta mdomo taratibu.

"Huyu nimemfumia sweta," alisema.

"Nitalirudisha, shangazi," Ketill alijibu.

"Nyamaza, wewe. Nani kakuomba sweta?" Akamgeukia Torfi. "Mwezi wa tano, kondoo wako walipokuwa wanazaa, nani alikaa nawe bandani wiki tatu?"

"Ketill."

"Nani alimpulizia pumzi puani yule mwanakondoo aliyezaliwa kama mfu? Ulinisimulia mwenyewe kwa simu, unalia."

"Ketill."

"Mle bandani mimi nilikuwemo? Bárður alikuwemo?"

"Hapana."

"Basi mlikuwa mnamwigizia nani?"

Torfi alikoroga supu bakulini mwake.

"Kondoo," Bárður alimsaidia, na watu wakacheka tena, wote isipokuwa Torfi.

Akilini alikuwa anamwona Ketill amepiga magoti kwenye nyasi kavu, mikono imelowa damu na maji ya uzazi, anamsugua yule mnyama mdogo na kumbembeleza kwa sauti ya chini: njoo, njoo bwana, huku si kubaya. Alimwona akimpokeza kahawa kwenye kifuniko cha chupa, bila neno, kisha akikaa pembeni yake mpaka jua lichomoze. Wiki tatu zile hakuna hata mmoja wao aliyeyakumbuka masharti. Torfi alikuwa amejidanganya yeye mwenyewe kwanza, na uongo uliobaki ndio aliowagawia majirani. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu kulikuwa na furaha iliyomtisha zaidi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," Dagný alisema, safari hii kwa upole.

Torfi alipoinua macho, bakuli la Ketill lilikuwa benchini na mlango u wazi.

Alimkuta nje, amekwisha kufungua zizi la Torfi. Kondoo walikuwa wameingia barabarani, jike mzee mwenye kujua njia akiwa mbele na wengine wakimfuata, na Ketill alikuwa nyuma yao, fimbo mkononi. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Torfi ni mwendo wa saa mbili. Walitembea robo saa nzima wakiwaswaga kondoo.

"Tulipatana utasema tumeachana," Ketill alisema mwishowe. "Hatukupatana utatuanika."

"Nisamehe."

"Si hilo linaloniuma. Shangazi yako alikuuliza swali, ukakaa kimya."

Torfi alisimama. Akapiga moyo konde.

"Nakupenda," alisema. "Tangu mwezi wa tano, pengine na kabla. Mimi ni mzito wa kuelewa, unanijua. Usiende."

Ketill naye alisimama. Kondoo hawakusimama, walizidi kwenda, wakapinda kona ya kilima mmoja mmoja.

"Shuleni walinipa niigize mti," Ketill alisema. "Nisimame tu, nisiseme kitu. Na bado niliharibu mchezo. Wewe ulidhani miezi saba yote hii nimeiweza vipi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Masharti yalikuwa yako. Nilingoja uyavunje wewe." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yamelowa. "Jumatatu nitaondoka, Torfi. Nimewapa neno langu. Ile barabara ikizibwa na theluji, wagonjwa hawafiki hospitalini. Siwezi kuwatupa siku mbili kabla."

Torfi aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, tena sana, ila hakujutia hata neno moja.

"Kondoo wako huanza kuzaa lini?" Ketill aliuliza.

"Unajua lini."

"Nataka kusikia kwako."

"Mwanzoni mwa mwezi wa tano."

"Theluji ya kule huisha mwezi wa nne."

Ketill alimfuta Torfi tope la shavuni kwa kiganja, kisha kiganja kikabaki palepale. Kutoka nyuma ya kilima zilisikika kengele ya yule jike mzee na milio ya kondoo waliopata kitu kitamu.

"Wameingia kwenye nyasi za Bárður," Ketill alisema.

"Waache wale kidogo," Torfi akamjibu.