Uzi wa Pili Umelegea

…na bado iko chini, si kwa kiasi cha mtu aliyekaa kule nyuma kugutuka, lakini iko chini, uzi wa pili wa fidla umelegea na mdogo wangu haukazi, nimempa noti, nimempa tena, nimebonyeza piano kwa kidole kimoja kama tulivyozoea tangu utotoni, na sasa anasema, “Nipe noti, dada,” kwa sauti kubwa kupita kiasi, watu wa mstari wa mbele wakacheka, wakadhani ni madaha, nami nimempa, na amesimama pale chini ya taa, fidla begani, upinde juu ya uzi, amenikazia macho kama askari wa getini… nini, mdogo wangu, unataka nikukazie mimi? “Mbona hawaanzi?” mzee mmoja ananong’ona, na mkewe, “Nyamaza, ndiyo ufundi huo, hawa wakubwa hawana haraka,” na mzee, “Ufundi gani, hata fundi redio hachukui muda huu,” na huenda ana haki, huku ni kuringa, kuringa kulianza aliporudi na ile tuzo, picha yake gazetini, wakaandika kwamba ana sikio ambalo halijapata kuonekana, wakakosea hata jina la shule aliyofundisha baba, nikawaandikia wasahihishe wala hawakunijibu, lakini la sikio lilikuwa kweli, hilo sikulikanusha, maana nilikuwepo, alikuwa hajaanza hata shule alipomwambia mama kwamba birika likichemka linaimba noti moja na bawaba ya mlango wa jikoni, baba akaenda kwenye piano akahakikisha, kesho yake akaja na fidla ndogo aliyoiazima shuleni, akasema, “Chiriku, shika hii, na wewe mwanangu utampigia piano,” hakuniuliza, na mimi sikuulizwa tena hadi leo, kumbi zote zile, treni, hoteli zenye mito migumu, yeye akiinamia makofi na mimi nikikusanya karatasi zangu… lakini uzi uko chini, na Chiriku huyu alikuwa akiusikia uzi ukilegea ndani ya sanduku lililofungwa, alisimama katikati ya chakula akasema umelegea, tukafungua, ukawa umelegea kweli, sasa inakuwaje… anavuta upinde tena, polepole, ile sauti chini ya yangu, mbili zinagombana hewani, mtoto angesikia, na yeye hatazami kigingi cha kukazia uzi, hatazami vidole, ananitazama mimi, usoni… Wifi alinipigia simu mwezi uliopita, “Wifi, huyu mdogo wako siku hizi namwita mpaka nachoka,” nikamwambia, “Mwanamume gani anamsikia mkewe?” tukacheka, tukahamia habari nyingine, na juzi kwenye mazoezi Chiriku alihamisha kiti changu, akataka piano igeuzwe, akasema ni mambo ya mwanga, nikanuna, nikaona anataka watu wasinione, kumbe piano iligeuzwa ili yeye anione, na asubuhi hii mezani alizunguka akaja kukaa kushoto kwangu, sikio lake la kulia kwangu… ee Mungu wangu, hasikii, hasikii ile noti, ndiyo maana juzi nilipokunja uso akakaza uzi, nikalainika akaacha, nikadhani amesikia, kumbe ananisoma, ananisoma kama mimi ninavyosoma karatasi hizi, na leo hapati kitu kwa sababu leo nimeuweka ule uso wa jukwaani, uso alionifundisha baba, “Uso wa mpiga piano ni ukuta, mwanangu, hakuna anayelipa kiingilio kutazama ukuta,” nami nimekuwa ukuta maisha yangu yote, mama alizikwa asubuhi, jioni tukapiga, sikutikisika, nikasifiwa… “Labda anaumwa,” anasema yule mke. Nikiinuka sasa nimwendee, nimshike mkono, nimtoe nje, yamekwisha, kesho watamwandika kama walivyomwandika, watasema sikio limekufa, na nikianza hivi hivi uzi ukiwa chini nitamwaibisha hadi mwisho wa wimbo, piano haishuki kumfuata mtu, lakini nyuzi zikiwa mahali pake vidole vyake vinaijua njia, vimepita humo miaka na miaka, vitapita hata gizani, mradi nyuzi, nyuzi tu… na kesho je, na ukumbi ujao, nikiwa mimi ndiye sikio lake nani ataniruhusu kuzeeka, na kwa nini hukuniambia, Chiriku, mimi ambaye nakumbuka hata rangi ya kitambaa ulichofunika fidla ile ya kwanza, au ulikuwa unaniambia, piano, kiti, mezani asubuhi, ulikuwa unaniambia kwa njia yetu ya nyumbani ya kutosema, na mimi mkusanyaji wa mambo ya watu wote sikukuokota… upinde umetulia juu ya uzi, mtu anakohoa, jasho liko juu ya mdomo wake na jicho lake halina madaha hata chembe, ni jicho la mtu aliyesimama mlangoni hajui kama atafunguliwa, uso wangu mgumu, mashavu kama ya mtu mwingine, sijui hata yanaanzia wapi, lakini nitazame, mdogo wangu, nitazame vizuri, nainua nyusi… juu, juu kidogo… kigingi kinazunguka… bado kidogo…