Uzi kwenye Mtufaa

Kila mwaka jirani yangu Zdravka ndiye humwona korongo wa kwanza, kisha hutusimanga sisi watazama ndege wenzake hadi Pasaka. Mwaka huu kavunjika nyonga, hatoki kitandani. Jana korongo nikamwona mimi, juu ya paa la shule. Nikavua uzi mwekundu na mweupe tuliofunga mikononi Machi mosi kumngojea, nikautundika kwenye mtufaa wangu, kama ilivyo desturi ukishamwona. Sikumwambia mtu, sikuwa na moyo wa kumpiku mgonjwa.

Leo akanipigia simu. "Mladen! Korongo kapita dirishani kwangu! Macho yako hayo ni pambo?"

"Umenishinda tena, mchawi wewe!"

Nilipompelekea supu, akavua uzi wake, akanikabidhi.

"Kautundike karibu na ule wako wa jana. Mtufaa wako unaonekana vizuri sana kutoka hapa, mwongo wee."