Muhuri Kwenye Dawa ya Wechuli

Agneta alikuwa amemshika mdogo wake kwa mkanda wa suruali, maana ukimwachia Wechuli dakika mbili anaanza kuhutubia foleni ya hospitali. Siku ya nne hiyo hajalala. Jana aling'oa mlango wa nyumba yao Manyatta akampa jirani, eti yeye anajengewa ghorofa. Akimeza dawa ni seremala mpole kabisa. Lakini wiki tatu amekosa, na wiki tatu Ogola wa dirisha la dawa anajibu yale yale.

"Imeisha, mama. Enda kemisti hapo nje."

"Daktari alisema asikose hata siku moja."

"Basi huyo daktari akupee."

Alisema hivyo akitafuna chapati, laana! Agneta akavuka barabara mpaka duka la Bridget, mke wa Ogola, akaacha simu yake rehani, akapewa boksi la dawa. Ubavuni lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe. Akampa Wechuli kidonge kimoja, kama alivyoandika daktari, kisha akageuza foili. Maandishi mekundu: MALI YA SERIKALI. HAIUZWI.

Mwizi mvivu huyo! Kakwangua boksi, kasahau foili. Wiki tatu majirani walimfunga Wechuli kamba kama mbuzi asikimbilie barabarani, kumbe dawa iko ng'ambo tu! Agneta aliapa leo Ogola atakiona cha mtema kuni.

Alirudi naye hospitalini, akaiinua foili juu. "Someni! Dawa yenu hii, mnauziwa na mke wake!"

Watu wakapiga kelele. Ogola akabamiza dirisha. "Leo hakuna huduma. Mmeleta fujo."

Mama Ajwang, mwenye binti wa kifafa mgongoni, akamgeukia Agneta. "Wuololo! Wewe umeshapata yako. Si ungengoja na sisi tununue?"

Maneno hayo yalimchoma Agneta.

Polisi alifika upesi, katika mji ambao ukiibiwa unangoja siku tatu. Alisalimiana na Ogola kwa jina, kisha akamkabili Agneta.

"Dawa ya serikali umetoa wapi, mama? Leta. Hiyo ni ushahidi."

Akimpa, Wechuli atafungwa kamba tena usiku. Akikataa, ushahidi hautakuwepo, na Ogola atalala usingizi mnono. Agneta akaketi chini palepale, akabonyeza vidonge kimoja kimoja, vyote vikaingia kwenye leso, akaifunga akaisukuma kifuani. Foili ilichanikachanika, lakini ilisomeka.

"Ushahidi ndio huu, afande. Vidonge ni vya mgonjwa. Sasa mkamate mwizi."

Polisi aliikunja foili akaitia mfukoni. "Tutachunguza," akasema, akaanza kuondoka.

"Chunguza," Agneta akamwambia. "Ikipotea, tutakutafuta wewe. Namba yako ya begani naiona."

Polisi akaifunika namba kwa kiganja. Alichelewa. Mama Ajwang alishaanza kuisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na foleni nzima ikamfuatisha.